Mtumiaji mpya akikataliwa kuingia, si lazima seva iwe mbovu

Msimamizi wa seva hapa Dodoma anaandika `sudo useradd asha` kwenye seva pepe ya Ubuntu. Amri inapita kimya, lakini Asha akijaribu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) anakataliwa. Wengi huamua hapo hapo kwamba seva imeharibika, wakaifuta na kuisimika upya. Kazi ya bure kabisa, na data zinaweza kupotea.

Kwenye Debian na Ubuntu, `useradd` tupu husajili tu jina na kundi lake. Haitengenezi folda yake, /home/asha, na nywila hubaki imefungwa. Hakikisha kwa `sudo passwd -S asha`: ukiona herufi L baada ya jina, nywila imefungwa. Huna haja ya kufuta chochote; weka nywila, tengeneza folda, kisha mpe bash (programu ya kuandikia amri):

`sudo passwd asha`
`sudo mkhomedir_helper asha`
`sudo usermod -s /bin/bash asha`

Siku nyingine tumia `sudo adduser asha`, inayotengeneza folda na kukuuliza nywila papo hapo. Kwenye AlmaLinux, aina nyingine ya Linux, `useradd` hutengeneza folda yenyewe, ila nywila bado ni juu yako.

Bado anakataliwa? Seva nyingi za kukodi huja na `PasswordAuthentication no`, mpangilio unaozuia kuingia kwa nywila, mara nyingi ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d/. Hapo nywila sahihi haisaidii. Weka ufunguo wake wa umma wa SSH (hutumika badala ya nywila) kwenye /home/asha/.ssh/authorized_keys; folda ya .ssh iwe na ruhusa 700, faili 600, na vyote viwe mali ya asha, si root (mtumiaji mkuu wa seva). Hili la umiliki ndilo linalosahaulika zaidi. Sababu halisi utaisoma kwa `sudo journalctl -u ssh`.