Karela bustanini ni sawa, kuacha dawa za kisukari hapana

Maswali haya huulizwa sana kliniki na wagonjwa wa kisukari wanaotaka kupanda karela. Mengine nayajibu kwa furaha. Moja linanisumbua, nalo nitalijibu zaidi ya mara moja.

Mkarela ni mmea gani?
Ni mmea wa nchi za joto, wa jamii moja na tango na boga, unaotambaa na kujishikiza kwa vikono vyembamba. Tunda lake lina vinundu na uchungu mkali. Tunda na majani hutumika kama dawa, hasa ya kisukari.

Nauoteshaje?
Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo ziloweke usiku kucha. Zifukie kina cha sentimita 2 hivi kwenye udongo wenye mboji, mahali penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku, ukiacha nusu mita kati ya mche na mche. Simamisha nguzo mapema, kama mita 2 kwenda juu, ufunge kamba au waya, maana tunda linalolala kwenye udongo mbichi huoza. Mwagilia shinani. Majani yakilowa kila mara huingiwa na ukungu.

Maua ya kwanza huwa madume na hudondoka bila kuzaa, usihangaike. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake. Nyuki wakiwa haba, chuma ua dume asubuhi ulisugue taratibu kwenye jike. Vuna tunda likiwa kijani na gumu, wiki 2 hivi baadaye. Nzi wa matunda wazuie kwa kufunika kila tunda changa na mfuko wa karatasi. Na tafadhali, usipulizie sumu mmea ambao kesho utachuma majani yake na kuyachemsha.

Je, karela hushusha sukari kweli?
Ina viambato vinavyoweza kuishusha. Lakini majaribio kwa binadamu ni madogo na matokeo yake yanapingana. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, kuhusu kisukari cha aina ya 2 yalikuta ushahidi hautoshi. Tena uchungu wa glasi ya leo si wa glasi ya jana, na hakuna anayejua umekunywa dozi gani.

Basi naweza kuacha vidonge?
Hapana.

Hata kama kipimo changu sasa ni kizuri?
Hapana. Kipimo kizuri kwa kawaida ni kazi ya dawa unazomeza. Ukiziacha, sukari hupanda tena, na haikupigii hodi. Unaendelea na shughuli zako huku macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu ikiharibika.

Lakini karela ni ya asili, vidonge ni kemikali.
Metformin, kidonge cha kisukari, nayo ilitokana na utafiti ulioanzia kwenye mmea, Galega officinalis. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kinachojulikana.

Mwanangu anachomwa insulini. Tujaribu karela badala yake?
Hapana, hapana kabisa! Katika kisukari cha aina ya 1 kongosho limeshindwa kutengeneza insulini, na hakuna tunda wala jani linaloileta. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922; kabla ya hapo watoto hawa walikufa. Mtoto akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa mno, anatapika, tumbo linamuuma au anahema kwa nguvu, usichemshe kitu. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Wengi huletwa wakiwa wamekwisha kuzimia, baada ya siku kadhaa za kupewa juisi.

Nikitumia vyote pamoja?
Mwambie kwanza anayekutibu. Karela ikiongezwa juu ya insulini au glibenklamidi (kidonge kingine cha kisukari), sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa maji yenye gramu 15 za sukari, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, apelekwe hospitali.

Nani asiitumie kama dawa?
Wajawazito, watoto, na wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), kwa kuwa mbegu zake zinaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu.

Niliacha dawa zamani na sijisikii vibaya. Nifanyeje?
Nenda kapime leo. Kutojisikia vibaya si kipimo. Ukiwa na kidonda mguuni, hata kisichouma, usikibandike majani ya karela. Kionyeshe siku hiyo hiyo, kwani kidonda kisichouma kwa mwenye kisukari ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Ukifika, sema wazi kwamba uliacha dawa, tangu lini, na ulichokuwa ukinywa. Ukificha, tutadhani dawa zimeshindwa na tutakuongezea dozi usiyoihitaji.