Karl Popper hakusema hivyo

Kila panapozuka ubishi kuhusu kipi ni sayansi, jina la Karl Popper, mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna mwaka 1902 na kufariki London mwaka 1994, halikosi kutajwa. Kwake, nadharia ni ya kisayansi ikiwa inakanushika, yaani ikiwa kuna kipimo kinachoweza kuonyesha kwamba si kweli. Tabu ni kwamba mara nyingi anabebeshwa maneno na madai yasiyo yake; haya hapa manne, kila moja na jibu lake.

“Nadharia inayokanushika ni ya uongo.” Hapa kiambishi -ik- kinachangia mkanganyiko, kwa kuwa kinabeba maana mbili: jambo linaloweza kutendwa, na jambo lililokwisha kutendeka. Popper anataka ile ya uwezekano: chakula kinacholika si chakula kilicholiwa. Nadharia ikitaja mapema jambo ambalo halipaswi kutokea, inakanushika, hata kama haitakanushwa kamwe. Einstein alitaja kiasi: mwanga wa nyota ukipita kando ya Jua utapinda kwa sekunde 1.75 za pembe (sekunde moja ya pembe ni sehemu ya 3,600 ya digrii), takriban mara mbili ya hesabu iliyojengwa juu ya Newton. Picha za kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919, zilizopigwa Sobral, Brazili, na kisiwani Príncipe, zingeweza kumwangusha.

Popper, wakati huo kijana jijini Vienna, alilinganisha hilo na saikolojia ya Alfred Adler, aliyeeleza matendo ya watu kwa hisia za unyonge. Mtu akimsukuma mtoto majini, ana hisia za unyonge, anataka kuthibitisha kwamba anathubutu. Akijitosa kumwokoa? Unyonge uleule. Nadharia isiyoshindwa na lolote haijasema lolote.

“Kipimo kimoja kikipingana nayo, nadharia hutupwa.” Hili ndilo kosa linaloenea zaidi, hata darasani. Katika kitabu chake cha mwaka 1934 Popper aliandika wazi kwamba tukio la mara moja lisiloweza kurudiwa halitoshi. Sharti athari hiyo irudiwe na wengine. Isitoshe, utabiri hautokani na nadharia peke yake. Unategemea pia vifaa, saa na orodha ya vitu tunavyodhani vipo. Mwaka 2011 neutrino, chembe ndogo mno, zilizorushwa kutoka CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730, zilionekana kuutangulia mwanga kwa nanosekunde 60 hivi, jambo linalopingana na nadharia ya Einstein. Chanzo kikubwa kilikuwa kebo ya nyuzi za mwanga ambayo haikuchomekwa sawasawa.

Je, kuiokoa nadharia ni udanganyifu? Si lazima. Sayari ya Uranus ilipokwenda kombo na hesabu za Newton, mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier alidai kuna sayari nyingine inayoivuta, akataja mahali ilipo. Mwaka 1846 mwanaastronomia Galle akaiona kutoka Berlin, pungufu ya digrii 1 kutoka hapo: Neptune. Kwa sayari ya Zebaki, nayo ilipokwenda kombo, Le Verrier alitumia mbinu ileile, lakini sayari aliyoidai haikupatikana. Popper hakukataza viraka, yaani dhana za ziada za kuiokoa nadharia. Alikataa viraka visivyoweza kupimwa vyenyewe.

“Alikuwa mwanachama wa Duara la Vienna.” Duara hilo lilikuwa kundi la wanafalsafa na wanasayansi wa jiji hilo. Popper alikuwa mkosoaji wao; Neurath, mmoja wao, alimwita upinzani rasmi. Wao walitafuta mpaka kati ya maneno yenye maana na yasiyo na maana, yeye kati ya sayansi na yasiyo sayansi. Kwake metafizikia, yaani mawazo kuhusu ulimwengu yasiyopimika, ina maana: wazo la atomu lilikaa karne nyingi kabla ya kupimika.

“Alimkataa Darwin.” Hakukana mageuzi ya viumbe. Aliwahi kuliita wazo la uteuzi wa asili mpango wa utafiti wa kimetafizikia, lakini mwaka 1977, akihutubia Darwin College, Cambridge, aliifuta kauli hiyo hadharani na kukiri kwamba linaweza kupimwa. Wanaoinukuu kauli ya kwanza huiacha hii ya pili.