Seva ya klaudi: usiamini faili, uliza seva yenyewe

Ukiwasha seva mpya kwa klaudi leo, chai haitakuwa imepoa kabla boti zianze kugonga poti 22, mlango wa SSH, ile njia ya kuingia kwa seva ukiwa mbali. Si ati kuna mtu anakutafuta wewe, hizo ni skripti zinapitia anwani za IPv4 usiku na mchana zikijaribu majina kama root (akaunti kuu ya seva), admin, test. Piga `sudo journalctl -u ssh` uone vile "Failed password for invalid user admin" imejipanga kutoka juu hadi chini. Hiyo peke yake isikushtue. Shida ni kama paswodi bado inakubalika.

Na kwa seva nyingi naitwa kuangalia hapa Kisumu, pia za wateja wa Nakuru na Kakamega, bado inakubalika. Ni kiseva kidogo cha Ubuntu kinabeba mfumo wa duka ama wa shule, kijana aliyekitengeneza alishahamia Nairobi, na kila mtu anaingia kama root na paswodi moja inayozunguka WhatsApp. Hiyo inaniumiza roho, kwa sababu ndani kuna karo za watoto na madeni ya watu.

Anza na funguo za SSH, faili mbili zinazokuingiza badala ya paswodi. Kwa laptopu yako piga `ssh-keygen -t ed25519`, uwekee huo ufunguo paswodi yake maana laptopu zinaibiwa, halafu utumie `ssh-copy-id`. Faili ya .pub ndiyo inaenda kwa seva, ile nyingine haitoki kwako hata fundi akikuomba namna gani. Kila mtu awe na akaunti yake na ufunguo wake, ndio akiacha kazi unamtoa yeye peke yake bila kusumbua wengine.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukwama. Unafungua `/etc/ssh/sshd_config`, unaandika `PasswordAuthentication no`, unarestati, unalala ukijua umefunga, kumbe juu ya hiyo faili kuna mstari wa Include unaosoma kwanza vitu vilivyo ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`, na huko mara nyingi kuna `50-cloud-init.conf`, faili inayoandikwa seva ikiwashwa mara ya kwanza, imeandikwa `yes`, na kwa SSH thamani inayosomwa kwanza ndiyo inashinda. Yako ya chini haihesabiki. Kwa hivyo tengeneza `01-funga.conf` kwa hiyo folda, weka `PasswordAuthentication no`, `KbdInteractiveAuthentication no` na `PermitRootLogin no`, hakikisha akaunti yako iko na sudo (ruhusa ya kupiga amri kama root), pima kama kuna makosa na `sudo sshd -t`, kisha `sudo systemctl reload ssh`. Halafu uliza seva: `sudo sshd -T | grep -i passwordauth`. Ikijibu `no`, sawa. Na tafadhali, usifunge ile dirisha uko ndani mpaka ufungue ingine mpya na uingie vizuri.

Fayawolo ya Ubuntu, ufw, ni haraka: `ufw allow OpenSSH` kwanza, ndio `ufw enable`, ukigeuza utajifungia nje. Lakini kama unatumia Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, chunga sana. Ukiandika `-p 5432:5432` kufungua poti ya databesi ya PostgreSQL, Docker inaweka sheria zake kwa iptables, sheria za trafiki za Linux yenyewe, na trafiki haipiti kwa ufw kabisa, so databesi inakaa wazi kwa dunia nzima na `ufw status` inakuonyesha kila kitu kiko shwari. Andika `127.0.0.1:5432:5432`, ndio ifikiwe kutoka ndani ya seva pekee.

Kuna wenye husema ruhusu IP yako pekee kwa poti 22. Kwa ofisi yenye IP isiyobadilika, sawa, lakini sisi wa bando za simu, ukitoka Kisumu ufike Busia IP ishabadilika, na hata hiyo unayo mnashiriki na watu wengi. Mimi naweka WireGuard, VPN yaani njia ya siri kati yako na seva, iko ndani ya kernel ya Linux tangu 5.6 ya 2020. Pakiti isiyo na ufunguo sahihi haijibiwi kitu, na IP yako ikibadilika njiani inaendelea tu. Ikishika, ruhusu poti 22 kupitia `wg0`, ile njia ya WireGuard, peke yake, utoe ile sheria ya OpenSSH. Kabla ya hapo jaribu konsoli ya kampuni ya klaudi, ile ya kwa brauza, ujue kweli inakuingiza siku WireGuard ikikataa. Na kazi ndefu fanya ndani ya `tmux`, inayoziendesha kwa seva hata ukitoka, stima ikipotea kwako kazi haikatiki.

Mwisho zima WireGuard, washa hotspoti ya simu, piga `nmap -Pn -p-`, inayokagua poti zilizo wazi, kwa anwani ya seva ukiwa nje kama mtu mwingine yeyote. Ukiona 3306 (ya MySQL) ama 5432 iko open, yaani databesi iko wazi, usingoje kesho.