Maana ya ushindani wa intaneti isiyotumia waya vijijini

Ushindani kati ya watoa huduma za intaneti isiyotumia waya vijijini ni hali ambayo kampuni mbili au zaidi zinaweza kumfikia mteja yuleyule, mahali palepale anapoishi, naye akaweza kuiacha moja na kuhamia nyingine bila kupata hasara kubwa. Sehemu ya pili ya maelezo hayo husahaulika sana. Mabango ya mitandao yote katika stendi ya Lushoto mjini, mkoani Tanga nchini Tanzania, hayamsaidii mkulima wa mboga aliye bondeni, ambako simu yake hushika mtandao mmoja tu.

Kwa hiyo soko la intaneti ya vijijini ni dogo kuliko wilaya, na mara nyingi ni dogo kuliko kata. Mawimbi ya gigahezi 5, yanayopendwa na watoa huduma wadogo wanaofunga antena juu ya paa, huhitaji antena mbili zionane bila kizuizi. Yale ya megahezi 700 au 800, yanayotumiwa na kampuni za simu, hufika mbali zaidi na hupenya miti na kuta vizuri zaidi, ingawa nayo hukwama nyuma ya mlima. Mnara uliosimama ukingoni mwa Mtae unaweza kuihudumia tambarare iliyo chini, upande wa Mnazi, na bado ukakiacha bila mawasiliano kitongoji kilicho karibu nao zaidi lakini kimejificha nyuma ya kilima. Pwani ya Pangani haina shida hiyo; huko kinachowakatisha tamaa wawekezaji ni umbali kati ya kijiji na kijiji.

Mnara hugharimu karibu kiasi kilekile, uwe na wateja 300 au 3,000. Kampuni ya pili ikijenga wake kando, wateja hugawanyika ilhali gharama za eneo zima zimeongezeka maradufu, na ndiyo maana kampuni nyingi hupanga nafasi kwenye mnara mmoja unaomilikiwa na kampuni ya minara kama Helios Towers. Mpango huo una busara, lakini hubadilisha kinachoshindaniwa: bei na ukubwa wa bando hushindaniwa, uimara wa miundombinu haushindaniwi. Mnara ukikosa umeme, wapangaji wote huzimika pamoja. Mtu mwenye simu ya laini mbili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo silaha kuu ya mteja wa kijijini, hapo huwa amejikinga dhidi ya bei tu.

Mahali ambapo hata kampuni moja haioni faida, ushindani huhamia kwenye zabuni. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni itakayokubali kujenga katika kata iliyotajwa. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 kwa utaratibu huo. Kampuni hushindana kabla ya ujenzi, kisha mshindi anaweza kubaki peke yake kwa miaka mingi. Bei yake hata hivyo haipandi ovyo, kwa kuwa vifurushi kwa kawaida hupangwa kwa nchi nzima, na mwanakijiji hunufaika na mapambano yanayofanyika Kariakoo. Asichonufaika nacho ni kasi: mnara ukielemewa saa za jioni, hakuna jirani wa kumtisha mwenye mnara.

Kuhama nako kuna vikwazo vyake. Tangu Machi 2017 mteja nchini anaweza kubadili mtandao akabaki na namba yake, lakini ruta iliyofungwa kwa laini ya kampuni moja na gharama ya kufunga antena mpya humzuia. Shule au zahanati inayopewa ofa na mtoa huduma mdogo ingefaa kumuuliza ananunua wapi intaneti yake ya jumla. Kama ananunua kwa kampuni anayoshindana nayo, bei yake iko mikononi mwa mpinzani wake.

Setilaiti zinazozunguka karibu na dunia zinabadilisha hesabu hii. Nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Starlink, inayouza intaneti ya setilaiti hizo, ilianza kutoa huduma Julai 2023, na Septemba 2024 kampuni ya simu ya Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya nyumbani bila kupandisha bei. Miezi miwili baadaye Starlink ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu uwezo wake huko ulikuwa umejaa. Uwezo wa setilaiti hugawanywa kwa wateja wote wa eneo moja, hivyo nyumba zilizotawanyika, ambazo mwenye mnara huzikimbia, huweza kupata huduma bora kuliko jiji, mradi kaya iweze kumudu bei ya dishi, au majirani kadhaa wachangie dishi moja pale masharti ya huduma yanaporuhusu.