Mchezaji akikamatwa na ulevi barabarani, chuo hakilazimiki kumsubiri hakimu

Vijiwe vya Soweto jijini Mbeya na Kihesa kule Iringa vina kauli moja mwanachuo mchezaji akidakwa anaendesha pikipiki amelewa: "Kesi iko mahakamani, chuo kinyamaze." Si kweli. Hakimu anaangalia kama kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 limethibitishwa bila kuacha shaka. Kamati ya nidhamu inauliza jambo jingine: kanuni za chuo zimevunjwa? Anaweza kuachiwa huru kule na huku akaadhibiwa.

Wengine nao wanataka afukuzwe asubuhi ileile. Hapo ndipo vyuo huharibu. Katiba, ibara ya 13(6), inampa haki ya kusikilizwa, na kukamatwa si kutiwa hatiani. Apewe tuhuma kwa maandishi, muda wa kujibu na nafasi ya kukata rufaa. Kumweka benchi wakati uchunguzi unaendelea ni sawa. Kumzuia mitihani kabla hajafungua mdomo ni uonevu. Na straika anayetegemewa aandikiwe barua ileile anayoandikiwa kipa wa akiba.

Halafu ulanzi nao ni pombe, jamani. Kipimo cha trafiki hakiulizi umetoka kwenye mwanzi au kwenye chupa.