Kabla ya kutafuta nesi, andika usiku wa mtoto wako

Mwezi uliopita mama mmoja wa Ahero alinishika mkono mlangoni pa wodi. Mwanawe anapumua kwa mpira wa kooni, uliopitishwa kwenye tundu shingoni, na daktari alikuwa amewaambia wajiandae kwenda nyumbani. "Sista, nitafutie nesi wa kukaa naye. Yeyote tu."

Hilo "yeyote" lilinitia baridi. Nimeuguza watoto hapa Kisumu miaka kumi na miwili, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Niliwahi kuelekeza familia moja ya Mamboleo kwa kampuni ya wauguzi wa nyumbani, kisha nikapita kuwaona. Binti aliyeletwa alikuwa nadhifu, saa imening'inia kifuani. Nikamwomba amfyonze mtoto makohozi. Akawasha mashine, akaingiza mrija huku amekwisha kuziba kitundu kwa kidole gumba, mashine inavuta hewa njia nzima ya kwenda chini. Midomo ya mtoto ikageuka rangi, nikamnyang'anya mrija. Kumbe alikuwa mlezi wa kozi ya miezi michache, si muuguzi. Wala hakutudanganya. Hatukumuuliza.

Basi uliza. Baraza la Wauguzi la Kenya lina rejista mtandaoni. Omba nambari ya leseni ulitafute jina lake. Ila leseni haikuambii mikono yake imezoea nini. Aliyetumikia kliniki ya wajawazito maisha yake yote anayo leseni halali kabisa.

Kwa hiyo mlete wodini kabla hujaruhusiwa, umtazame akifanya kazi. Mrija uingie bila kuvuta, hadi kina kilichopimwa, uvute wakati wa kutoka tu, na yote hayo yasizidi sekunde kumi. Muulize: mpira wa kooni ukichomoka saa nane usiku, utafanyaje? Akianza kutaja simu na ambulensi, bado. Mkono wake unatakiwa uende kwanza kwenye mipira ya akiba iliyotundikwa kando ya kitanda, mmoja wa saizi ya mtoto na mwingine mdogo zaidi. Kama mtoto analishwa kwa mpira wa puani, kila mlo atazame alama iliyo puani, avute majimaji kidogo, ayapime asidi kwa karatasi ya pH: ikiwa 5.5 au chini yake, mpira uko tumboni. Yule wa kupuliza hewa na kusikiliza tumboni, akaridhika na hapo, mimi simkubali.

Sasa, usiku. Wazazi wengi hutafuta nesi wa mchana ili mama aende sokoni. Mimi huwaambia, kama pesa ni chache, nunueni usiku. Mama asiyelala siku tatu hasikii kengele ya mashine hata ikilia sikioni. Nilimpa yule mama wa Ahero daftari, aandike kila alichomfanyia mtoto kwa siku mbili. Kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amemfyonza mara tisa. Mchana, nyanya yake na mjomba wangeweza, baada ya kufundishwa. Wote wawili, maana mmoja naye huugua.

Pesa zenyewe ni kichwa kinachouma. Msajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, halafu ulizia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza. Ukikubaliwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitamlipa muuguzi hata wiki moja, lakini zitanunua mirija na tokeni za stima. Na stima yenyewe, mnajua mvua za Aprili zinavyotufanyia hapa. Mashine ya kufyonza iwe ya betri, au pawe na ile ya kukanyaga kwa mguu. Penye mashine ya oksijeni pawe na mtungi uliojaa. Siku ya majaribio zima swichi ukutani, uone huyo nesi atashika nini kwanza.

Kwa yule mama walikuja watatu. Wawili walijibu kila kitu haraka haraka. Wa tatu, muuguzi mstaafu wa huko huko Ahero, aliigeuzageuza mashine mkononi akasema, "Hii sijawahi kuitumia, mwanangu. Nionyeshe." Nilimfundisha siku mbili, akanirudishia hatua zote bila kukosea. Analinda usiku nne kwa wiki, anaingia saa mbili.