Moshi wa Msimu wa Baridi Jijini Nairobi: Chanzo Chake, Kinga na Hatua za Kisheria

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, malalamiko kuhusu moshi huongezeka katika ofisi za afya ya umma jijini Nairobi, na mengi huelekezwa kwa viwanda na kwa jaa la taka la Dandora. Yana msingi, kwa kuwa jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka zikaendelea kumwagwa na kuungua humo. Hata hivyo, afisa anapofuatilia malalamiko hadi mlangoni mwa mlalamishi, mara nyingi hukuta chanzo hatua chache kutoka hapo: biwi la taka linalofuka nyuma ya ploti, jiko lililowashwa kwenye ujia kati ya vyumba, au lori lililoachwa likinguruma huku likisubiri kupakiwa.

Wakazi wengi huuona utusitusi wa alfajiri ya Julai na kusema ni ukungu tu. Ukungu upo, lakini haunuki plastiki wala hauwashi koo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa baridi ardhi hupoa haraka, hewa baridi ikalala chini huku hewa yenye joto zaidi ikiikalia juu kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa magari, wa majiko na wa taka hukosa pa kupandia, ukabaki kwenye kimo cha pua zetu hadi jua litakapoipasha ardhi joto. Ndiyo maana saa za asubuhi na za jioni huwa mbaya kuliko adhuhuri. Anayefanya mazoezi ya kukimbia kandokando ya Barabara ya Jogoo au ya Outering saa 12 asubuhi huvuta moshi kwa pumzi ndefu wakati ule ule unapokuwa mzito zaidi, na tunamshauri ahamishie mazoezi mchana au mbali na barabara kuu.

Tunachokihofia zaidi katika moshi huo ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani ya mapafu na nyingine kuingia katika damu, zikachangia maradhi ya moyo na kiharusi pamoja na pumu na nimonia kwa watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Barakoa ya kitambaa haizizuii ipasavyo. Ya kiwango cha N95 huzichuja, mradi ikae usoni bila kuacha mwanya. Maziwa hayasafishi mapafu. Jambo hili tumelieleza mara nyingi, na bado wapo vibarua wanaopewa pakiti ya maziwa badala ya kinga baada ya kushinda kwenye moshi na vumbi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni.

Kuhusu jiko la makaa, tunasisitiza bila kulegeza. Watu huliwasha nje, mara nyingi kwa kipande cha plastiki ambacho moshi wake una sumu, wakasubiri makaa yawe mekundu na moshi uishe, kisha wakaliingiza chumbani ili kupata joto, wakiamini kwamba hatari imekwisha. Haijaisha. Makaa mekundu huendelea kutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba cha mabati kilichofungwa dirisha na kuzibwa matambara chini ya mlango, gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Jiko lisilalwe nalo kabisa. Mtu akiumwa kichwa, akihisi kizunguzungu au akitapika karibu na jiko, atolewe nje kwanza, ndipo msaada uitwe kupitia 999 au 112.

Wenye pumu wasikatize dawa za kuvuta kwa sababu tu wamepata nafuu, na mtoto anayepumua kwa kasi huku kifua kikibonyea apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kuhusu sheria, ipo dhana kwamba mtu ana ruhusa ya kuchoma chochote ndani ya ua wake. Si kweli. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inatambua kero zinazodhuru afya, na afisa akijiridhisha kwamba kero ipo, humpa aliyeisababisha ilani ya maandishi inayotaja linalopaswa kufanywa na muda wa kulifanya. Asipopatikana, ilani hupewa mpangaji au mwenye ploti. Ilani ikipuuzwa, shauri huenda mahakamani. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyorekebishwa mwaka 2015, adhabu ya jumla, pale ambapo kosa halikutajiwa adhabu mahususi, ni kifungo kisichopungua mwaka 1 wala kuzidi miaka 4, au faini isiyopungua shilingi milioni 2 wala kuzidi milioni 4, au vyote viwili. Aidha, Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kiafya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia.

Picha iliyosambazwa katika makundi ya WhatsApp si malalamiko. Moshi huwa umetoweka afisa anapofika, kwa hiyo andika mahali penyewe, tarehe na saa za kila tukio, kinachochomwa na anayekichoma ikiwa unamjua, na useme kama uko tayari kutoa ushahidi, kwa maana kesi hudhoofika mlalamishi anapojitoa. Barua ipelekwe kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au kaunti ndogo, au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikiwa chanzo ni kiwanda, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa ukirudi kuulizia bila nakala hiyo, itakuwa vigumu kukuonyesha jalada limefikia wapi.